Kikombe cheusi: jibu kwa kijana wa Kongowea

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 26, nina kibanda cha kuchapa vikombe, tisheti na vishikio vya funguo karibu na soko la Kongowea. Nilitoa vikombe vya ajabu, vile ambavyo vikiwa baridi ni vyeusi tu, ukitia kitu moto picha inatokea. Picha yangu ni askari wa katuni aliyevaa kombati ya mabaka, bendera ya Kenya begani, anapiga saluti, na maneno "Nimerudi likizo, mke wangu!" Chai ikipoa askari anapotea. Chini kwenye kitako nimebandika stika: "Nimerudi Somalia." Vilinunuliwa sana. Askari mmoja wa kambi ya Mtongwe alichukua vitatu akacheka hadi akashika mbavu. Wiki iliyopita mama mmoja wa Likoni alinunua kimoja, nadhani alikiona ni kikombe cheusi cha kawaida. Kesho yake akarudi nacho kimefungwa ndani ya leso. Akakiweka juu ya meza, akasema, "Mwanangu hakurudi likizo," akaenda zake. Hakudai pesa, hata leso hakuichukua. Mimi sikutaja jina la mtu wala sikuweka sura ya mtu. Wenzangu wanasema watu siku hizi ni laini, mzaha ni mzaha. Nimebaki na vikombe 86. Je, nina kosa? Sheria inaweza kunishika? Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na la aibu. Niliposoma barua yako na kufika pale chai inapopoa na askari akapotea, nilicheka. Nilicheka peke yangu jikoni, kijiko mkononi. Kisha nikafika kwa mama wa Likoni, kicheko kikanikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nakwambia haya usije ukadhani nimeketi hapa kama kadhi. Mzaha wako ni mzaha uliopimwa, una mwanzo na una mwisho, na mwisho wake ndio ulioingia ndani ya nyumba ya watu.

Kazi yangu, kwa asiyenijua, ni majina ya leso, yale maneno yanayochapwa juu yake. Miaka 27 nimekuwa nikiwatungia na kuwachagulia wenye maduka pale Mtaa wa Biashara. Leso ina pindo, ina mji wake wa katikati, na ina jina, na wanawake wa Mombasa hawanunui pindo. Nimeona wake wenza wawili wakinunua "Hasidi hana sababu" siku moja, duka moja, kila mmoja akimkusudia mwenzake, na mwenye duka akipokea pesa za wote wawili kwa uso mkavu. Kwa hiyo usiniambie habari za bidhaa inayochoma. Nimekula ugali wangu kwa bidhaa zinazochoma.

Lakini kijembe cha leso kina adabu yake. Aliyekivaa anapita mbele ya anayeambiwa, anaonekana. Anayeambiwa naye analijua duka, anakwenda kununua jibu lake, na Ijumaa ijayo zamu ni yake. Ni ugomvi wa watu wawili walio hai wenye miguu ya kutembea hadi dukani. Kikombe chako kilimwambia nani, na huyo angejibu kwa nini?

Hebu tukae kidogo na hicho kikombe, maana naona wenzako wanaokwambia watu ni laini hawakukitazama vizuri. Mama ameona kikombe cheusi. Rangi imempendeza, au bei. Hakuona askari, kwa sababu askari hakuwepo. Amefika kwake, asubuhi ametia chai ya maziwa, amekiweka mbele yake, na kutoka kwenye weusi ule kijana mwenye kombati akaanza kutokea, kwanza mabega, kisha mkono uliopiga saluti, kisha maneno kwamba amerudi. Ameinuka? Amekishika? Sijui. Kisha chai ikaanza kupoa, na yule kijana akaondoka tena taratibu mbele ya macho yake, na hakuna aliyemgusa. Chai iliyomleta ndiyo iliyomchukua. Halafu, nadhani, akakigeuza kikombe kukimwaga, akasoma kitako.

Tisheti yenye mzaha mtu huiona imetundikwa, akaipita. Stika ya tuktuk huipita vilevile, hata ukiichukia. Hii yako haikumpa nafasi ya kuipita. Ilijificha mpaka ikawa iko mezani kwake. Ndiyo maana nasema kosa la kwanza halikuwa maneno, lilikuwa ile siri. Bidhaa ya kushtua huuzwa kwa mtu anayejua anashtuliwa, na ulipaswa kuweka kimoja chenye maji moto pale mbele kila mteja aone. Nashangaa hukufanya, maana ungeuza zaidi.

Sasa hilo unalolishika kama ngao, kwamba hukutaja jina la mtu.

Mwanangu, kwingine hiyo ingekuwa ngao. Kwetu hapa ni kinyume. Majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011, operesheni iliyoitwa Linda Nchi, na mwaka uliofuata yakaungana na kikosi cha Umoja wa Afrika. Jina la kikosi limebadilika mara mbili tangu hapo, AMISOM ikawa ATMIS mwaka 2022, ATMIS ikawa AUSSOM 2025, na vijana wetu wangali wanakwenda. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde, huko Somalia, ikavamiwa na Al-Shabaab alfajiri. Siku 12 baadaye Rais Uhuru Kenyatta alikuwa Moi Barracks, Eldoret, kwenye ibada ya kumbukumbu, pamoja na Rais wa Somalia na wa Nigeria. Marais watatu walikuja, lakini hesabu rasmi ya waliokufa haikutolewa siku ile wala miaka iliyofuata. Wako waliotambuliwa kwa vipimo vya DNA. Mwaka mmoja baadaye, 27 Januari 2017, ikawa Kulbiyow, kambi nyingine, na pale pia serikali na wavamizi wakatofautiana juu ya idadi.

Unaelewa maana yake kwa mwenye duka? Mahali ambapo majina yamesomwa hadharani na kuchongwa ukutani, askari wa katuni asiye na jina ni katuni tu. Mahali ambapo majina hayakusomwa, askari asiye na jina ndiye hasa aliyepotea. Kila mama aliyengoja simu anamjua. Hukutaja jina la mtu, basi umewataja wote.

Na hili si la jana. Ukipita mjini mwetu utaziona sanamu za askari zilizosimamishwa na Waingereza miaka ya 1920 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wale, Carrier Corps kwa Kiingereza, ndio waliotuachia jina la Kariakoo, kule Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi. Sanamu zipo, majina hayapo. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, hiyo hiyo inayotunza makaburi ya vita pale Mbaraki, ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, na huenda hadi 350,000, hawakuandikwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Miaka mia moja imepita na watu wanauliza bado walizikwa wapi. Wewe unamwambia mama aliyefiwa miaka michache tu iliyopita awe mgumu.

Hata matanga yetu yanahitaji kitu cha kushika. Sijui dini ya mama huyu, wala haidhuru. Watu huja, jamvi hutandikwa, siku tatu zinapita, tanga huanuliwa, mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, hesabu inaanza siku na inaisha siku. Wenzetu wa bara nao wana safari ya jeneza, wana shimo, wana udongo wa kutupia. Mume asiyejulikana yuko wapi, eda inaanza lini? Nimekaa na mwanamke aliyeuliza swali hilo. Alijibiwa na masheikh, na majibu yapo, lakini yeye hakuwa anauliza fiqhi.

Nikuambie na langu, maana nina deni. Januari ile ya 2016 alinijia mteja, mtu mwema kabisa, anataka tisheti 60 za kuwaenzi mashujaa. Alikuwa na picha ya askari mmoja iliyokuwa ikizunguka kwenye simu, kijana mzuri anatabasamu. Nikamtungia maneno. Nilichagua hata rangi. Tisheti zikachapwa, zikavaliwa. Baadaye tukajua kwamba watu wa kijana yule walikuwa bado hawajapewa habari yoyote, wanapiga simu mchana na usiku, na mdogo wake aliiona tisheti njiani kabla ya mtu yeyote kuja nyumbani kwao. Sisi hatukufanya mzaha. Tulifanya heshima. Ilimkuta vilevile. Tangu siku hiyo sitii sura ya marehemu kwenye kitambaa mpaka niongee na mtu wa nyumba yake, na si rafiki wala jirani wala "tumesoma naye".

Umeuliza sheria, nitapita haraka kwa sababu haikusaidii unavyodhani. Mzaha wenyewe haukupeleki jela. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa kujieleza, na kinataka vilevile uheshimu haki na sifa za wengine. Ungetumia sura ya mtu wa kweli ungekuwa mahali pengine: mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alikitoza kiwanja kimoja cha starehe Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Bendera begani nayo ina sheria yake, Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, yenye masharti juu ya kutumia alama za taifa katika biashara. Na kama una wazo la tisheti za mabaka kuandamana na vikombe, liache. Raia kuvaa sare ya jeshi au kinachofanana nayo bila ruhusa ni kosa, na polisi hawataki kujua kama ni fasheni. Mambo ya bendera mwone wakili.

Lakini nataka ujue kwa nini sheria si mizani ya jambo hili. Kule Marekani, mji wa Flagstaff, Arizona, mfanyabiashara aitwaye Dan Frazier aliuza tisheti zilizojaa majina ya wanajeshi waliouawa Iraq, maelfu ya majina kwa herufi ndogondogo, na juu yake maneno kwamba Bush alidanganya, nao wakafa. Akina mama waliona majina ya wana wao yanauzwa kwa dola. Wakalia, wakaandika, na mwaka 2007 Arizona ikatunga sheria ya kuzuia kutumia jina la askari aliyekufa katika biashara bila idhini ya watu wake. Majimbo mengine yalikuwa na sheria kama hiyo. Frazier akaenda mahakamani, na mwaka 2008 Jaji Neil Wake akasema hayo ni maneno ya kisiasa, yanalindwa, asishtakiwe kwayo. Mimi naona jaji alikuwa sawa. Naona pia wale mama walikuwa sawa. Frazier angalau alikuwa na hoja: vita hivi ni vibaya, hawa ndio waliolipa. Unaweza kumchukia ukamwelewa. Ukiulizwa wewe kikombe chako kinasema nini juu ya vita vya Somalia, utajibu nini? Kwamba likizo ni fupi?

Kwa kweli hilo nalo ni neno, na hapa wenzako wana nusu ya haki. Wake wa askari hufanya mzaha huo huo wenyewe. Nimewasikia Mtongwe wakiitana "mjane wa likizo", wakihesabu watoto kwa tarehe za ruhusa, na cheko lao huwezi kulizima. Hata lile andazi gumu la nchi hii watu wameliita KDF, kifupi cha jina la jeshi letu, na sijasikia mtu kukasirika. Jeshi limesifiwa kwa ugumu, mla analipa shilingi zake, basi. Yule askari wako aliyenunua vitatu hakukosea kucheka. Yeye ndiye anayepotea chai ikipoa. Ana haki ya kujicheka kabla ya kifo kumcheka.

Ila usimfanye yeye shahidi wa mama wa Likoni. Wanaohusika na vita hawana sauti moja. Mwaka 2009 kampuni ya Konami ilitangaza mchezo wa kompyuta juu ya mapigano ya Fallujah, kule Iraq, ya mwaka 2004. Wako wanajeshi wa Marekani waliopigana pale ambao walisaidia kuutengeneza, walitaka yao yasimuliwe. Wako wazazi waliozika watoto kutoka Fallujah ambao walisema mtu hachezi mahali mwanangu alipofia. Wote walikuwa wenye msiba. Konami ikajitoa Aprili mwaka huohuo, na mchezo ukaja kutoka 2023 kwa mikono mingine. Sikuambii nani alishinda. Nakuambia askari wa Mtongwe amejibu kwa ajili ya vikombe vitatu, vyake.

Basi akija mke wa askari akakwambia, nichapie kikombe hiki, mume wangu anakuja Jumamosi, mchapie. Kimoja. Usikiweke kwenye rafu.

Najua utaniuliza, je, nikibadilisha maandishi? Nikiondoa stika ya Somalia, niseme "safarini"? Usijisumbue. Mwaka 2010 kampuni ya Electronic Arts ilitoa mchezo wa vita vya Afghanistan ambamo mchezaji aliweza kuwa Taliban na kuwapiga risasi askari wa upande wa pili, huku askari wenyewe wakizikwa kila wiki. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Liam Fox, akataka maduka yasiuuze. Maduka ya michezo yaliyo ndani ya kambi za Marekani yakaukataa. Kampuni ikasema imesikia kilio cha familia, ikafuta jina la Taliban, ikaandika "kikosi pinzani". Mchezo ukabaki vilevile, risasi zile zile, milima ile ile. Kila mtu aliona. Askari wako anayepotea hata ukimwita baharia atapotea tu, na Mombasa mabaharia wetu wa kijeshi walikuwamo katika kuteka Kismayu mwaka 2012. Umetoka shimoni ukaingia kisimani.

Haya, ya kufanya. Vikombe 86 viondoe leo, usingoje mwisho wa mwezi. Usiviuze kwa bei ya kutupa, maana vya bei ya kutupa ndivyo vinavyofika mbali zaidi, mpaka Mtwapa, mpaka Ukunda, kwa mama mwingine asiyejua. Usimpe rafiki akuuzie. Picha iliyochapwa kwa joto imezama kwenye rangi, haifutiki kwa kusugua, kwa hiyo vitavunjwa. Hasara inauma, najua bei ya kikombe kimoja cha namna ile. Vigae vyake viweke chini ya vyungu vya maua, maji hupita vizuri, au mpe fundi akajazie mahali. Vile ulivyokwisha uza huwezi kuvirudisha vyote, lakini bandika karatasi kibandani: aliyenunua kikombe cha askari na asingependa kukaa nacho, arudishe, atapewa pesa yake. Maneno hayo tu.

Usiandike mtandaoni "samahani kama kuna aliyekwazika". Hilo "kama" ni tusi la pili. Yupo, amekuja, amekwambia kwa maneno matatu.

Kwa mama nenda mwenyewe, baada ya alasiri, ukiwa na mtu mzima wa kike, mama yako akikubali. Ulizia pale kivukoni Likoni, watu wanamjua mama aliyepoteza mwana. Usichukue simu ya kupiga picha. Usichukue bahasha, kwa sababu bahasha inaonekana kama bei. Kilo mbili za sukari zatosha, kama mtu anayekwenda kutoa pole, kwa sababu ndicho unachokwenda kufanya, umechelewa tu. Usimweleze jinsi kikombe kinavyofanya kazi, anajua. Usimwambie hukukusudia mpaka akuulize. Mwambie ni wewe uliyekichora, umeviondoa vyote, na umekuja kumpa pole ya mwanawe. Mwulize jina lake, mwanawe. Akikutajia, kaa usikilize, hata magharibi ikikukuta huko. Asipokufungulia mlango, mwachie sukari jirani, urudi zako, usiende mara ya pili bila kuitwa.

Kile kikombe alichokirudisha usikivunje na vingine. Alikilipia, ni chake, mwulize anataka kifanywe nini. Nimewaona wenye msiba wakitaka kuvunja kwa mkono wao, na nimewaona wakitaka kuweka.

Na ile leso. Umeniandikia barua nzima, umenieleza rangi ya kikombe, umri wako, idadi ya ulivyobakisha, lakini jina la leso hukunitajia. Mwanamke wa Likoni haachi leso juu ya meza ya mtu kwa kusahau. Nilikuuliza hapo juu angekujibu kwa nini. Iondoe hapo ulipoitupa, ikunjue mpaka uone pindo la chini, uisome. Kisha ifue, uipige pasi, uende nayo.